Unapotazama Narcos, Unamlilia Nani?



Tangu Jumapili simu yangu haijapumzika. Kundi la vijana limegawanyika mara mbili kwa sababu ya Narcos, ile tamthilia ya Netflix iliyotoka 2015 kuhusu Pablo Escobar na genge lake la kokeni kule Medellín, Kolombia. Upande mmoja unasema aliyelipia Netflix amelipia madhabahu ya shetani. Upande wa pili unasema hiyo ni historia, ni sanaa, na kwamba walokole wanaogopa hata kivuli chao. Kuna mama wa kanisa ameniomba niamue. Haya, ninaamua, na pande zote mbili mtanikasirikia.

Nianze na nyinyi wa "zima televisheni". Fungua Biblia yako, 1 Wafalme 21. Kuna mfalme aliyetamani shamba la jirani, mke aliyeandika barua za uongo, mashahidi wa uongo, na mtu asiye na hatia akapigwa mawe mpaka akafa. Kama kusimulia uhalifu ni dhambi, rarua kurasa hizo kwanza. Mungu haogopi kuonyesha uovu wa mwanadamu. Tena nimeona jambo moja: wanaopiga kelele sana juu ya filamu hawajawahi kusema neno juu ya yule anayeuza unga nyuma ya stendi, na tunampita kila Jumapili tukienda ibadani. Filamu haiwezi kukujibu wala haijui nyumba yako. Muuzaji anaijua. Ndiyo maana ni rahisi kuikemea filamu.

Sasa wewe wa "ni historia tu, Pasta". Umesema Biblia nayo imejaa mauaji. Kweli. Lakini angalia hadithi ile ya Ahabu inavyosimuliwa. Ukimaliza kusoma, unalijua jina la Nabothi. Unajua shamba lile lilikuwa urithi wa baba zake na kwa nini alikataa kuliuza. Na nabii anatumwa kukutana na muuaji palepale shambani. Hakuna aliyewahi kufunga kitabu kile akatamani kuwa Ahabu.

Basi nikuulize. Umetazama sehemu zote, umekesha, bando limeisha ukaongeza. Nitajie majina matatu ya watu waliouawa.

Usiniambie tamthilia imewaficha. Haikuwaficha. Rodrigo Lara Bonilla yumo, waziri wa sheria aliyesimama bungeni akamwanika Escobar. Tarehe 30 Aprili 1984 vijana wawili juu ya pikipiki wakamfuata na kumpiga risasi ndani ya gari lake. Luis Carlos Galán yumo, mgombea urais aliyeuawa Agosti 1989 akiwa ndiyo kwanza amepanda jukwaa mbele ya wafuasi wake. Ndege ya Avianca imo pia. Tarehe 27 Novemba mwaka huohuo ililipuliwa angani, watu wote 107 waliokuwa ndani wakafa, na wengine 3 chini waliangukiwa na mabaki. Aliyekusudiwa alikuwa mwanasiasa mmoja, César Gaviria, ambaye hata hakupanda. Watu 110, kwa ajili ya mtu ambaye hakuwemo.

Yote hayo umeyaona kwa macho yako. Ukatoka na nini? Umetoka na masharubu ya Escobar. Umetoka na ule msemo wake wa kuchagua fedha au risasi, na nimeuona kwenye WhatsApp za vijana wanne wa kwaya, mmoja ameweka na picha ya mzee mwenyewe. Hujaweka picha ya Galán. Kwa hiyo tusibishane kama filamu ni nzuri au mbaya. Mimi naona imeigizwa vizuri, ingawa Wakolombia wengi walilalamika kwamba mwigizaji mkuu, Wagner Moura, ni Mbrazili na Kihispania chake si cha Medellín. (Fikiria Mnigeria akiigiza mzee wa Lamu, ndipo uelewe uchungu wao.) Tubishane juu ya moyo wako, kwamba kati ya watu wote waliopita mbele yako kwenye ile skrini, ulimchagua nani.

Kuna kijana kwenye tamthilia hiyo ambaye hamumtaji kabisa. Anapewa mkoba apande nao ndege, anaambiwa una chombo cha kurekodi mazungumzo ya maadui. Nyumbani ana mwanamke na mtoto mchanga. Kilichomo ni bomu. Mpendwa, kila mtu anayetazama anajiona yeye ndiye Pablo. Hakuna anayejiona kuwa yule mwenye mkoba. Lakini wewe usiye na shamba wala mjomba serikalini, uliyemaliza chuo miaka mitatu iliyopita ukakosa kazi, biashara ile ikikuita leo itakupa kiti gani? Methali 1:10-19 inasema wazi wanaokuita mgawane mfuko mmoja wanaivizia damu yao wenyewe. Mwaka 1991 pekee watu zaidi ya 6,000 waliuawa Medellín, na wengi walikuwa vijana wa mitaa ya juu mlimani, wa umri wako. Waliokuwa wakiua na waliokuwa wakiuawa walikuwa walewale.

Escobar ana mtoto wa kiume. Alibadilisha jina, anaitwa Sebastián Marroquín, akaenda kuishi Argentina. Tamthilia ilipotoka alipinga hadharani, akaorodhesha makosa 28 ya sehemu ya pili. Amesema vijana wa nchi mbalimbali humwandikia wakitaka kuwa kama baba yake. Huyo ndiye aliyekula ile mali na kulala katika yale majumba, na alipokua aliwatafuta watoto wa Lara Bonilla na wa Galán akawaomba msamaha. Mbona hilo hamkulisambaza kwenye kundi?

Niseme na jambo ambalo wahubiri wenzangu hawatalipenda. Escobar alijenga nyumba za maskini na kuweka taa kwenye viwanja vya mpira, na mwaka 1982 akaingia bungeni kama mbunge mbadala. Wako mapadri waliosimama naye wakati akigawa. Usiwacheke Wakatoliki wa Medellín. Hapa Kenya mheshimiwa akishuka kwenye gari la vioo vyeusi na bahasha ya harambee, mhubiri anamtangulia kwenye kiti cha mbele, anampa kipaza sauti, na hakuna anayeuliza zimetoka wapi. Nimesikia mhubiri akisema pesa haina harufu. Soma Matayo 27:6. Wale makuhani waliomnunua Yesu, wabaya kiasi hicho, walikataa kurudisha vile vipande vya fedha katika hazina ya hekalu kwa sababu vilikuwa bei ya damu. Kayafa alikuwa na mpaka. Sisi tuliojazwa Roho tumekosa hata ule wa Kayafa? Halafu tunamshangaa kijana anayemsifu Escobar, na sisi ndio tuliomfundisha kwamba anayetoa sana haulizwi.

Na msidhani haya ni ya Kolombia. Sisi wa Mombasa hatuhitaji Netflix. Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia ilikamata jahazi nje ya pwani yetu likiwa na kilo 1,032 za heroini, zimefichwa kati ya mifuko ya saruji. Januari 2017 Baktash na Ibrahim Akasha walipelekwa Marekani, wakakiri makosa mwaka 2018, mmoja akahukumiwa miaka 25 na mwingine 23. Mlifuatilia kesi ile kama tamthilia pia, mkibishana nani mjanja zaidi. Wakati huohuo mateja wamelala kwenye veranda za maduka, na baadhi yao tuliwabariki hapa madhabahuni wakiwa wachanga. Mama zao wako kwenye kundi hilihili. Wanasoma mnayoandika. Wanaona ile picha yenye masharubu.

Ukitaka kutazama, tazama. Ila picha hiyo itoke leo, kabla ya ibada ya jioni.

Kesha la Ijumaa linaanza saa tatu usiku. Mwenye mtoto aliye kwenye unga aje na jina lake kwenye karatasi, jina la kwanza tu linatosha. Na nyinyi wawili mliokuwa mkitukanana kwenye kundi, nawataka mlangoni saa mbili na nusu. Kuna ndugu yetu anayeanza dawa ya methadoni Jumatatu. Lazima afike kliniki kila asubuhi, na nauli ipo. Anahitaji watu wa kumsindikiza kwa zamu, kwa sababu njia ya kwenda huko inapita palepale stendi.