Mlima Kasigau na Watu Wake

Msafiri atokaye Voi kwenda Mombasa, akitazama upande wa kuume apitapo Maungu, huona mlima uliosimama peke yake katikati ya nyika. Huo ndio Kasigau, katika nchi ya Taita, nao kilele chake chafika mita 1,641. Chini ni nchi kavu ya miiba. Juu ni msitu wa ukungu, ambao miti yake huyanasa mawingu na kuyageuza kuwa maji.

Vijiji vya Rukanga, Jora, Kiteghe, Bungule na Makwasinyi vimeuzunguka mlima huo, navyo huletewa maji yake kwa mabomba.

Watu hao waijua thamani ya kwao. Mwaka 1915, wakati wa vita, Waingereza waliwashuku kuwa wamewasaidia Wajerumani, wakawahamisha kwa nguvu hadi Malindi. Wengi walifia huko. Waliosalia hawakurudi mpaka miaka ya 1930.

Siku hizi taabu ni nyingine. Ndovu wapitao kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi huharibu mahindi, na mkulima aliyepoteza mavuno hushawishika kuchoma makaa. Lakini gunia la makaa huliwa kwa juma moja, na mti uliokatwa haurudi kwa miaka mingi. Aukataye msitu wa juu huukausha mfereji wa mlangoni pake. Basi na autunze, kwani akiba haiozi.