Masikio ya Watu wa Ambilansi

Ndugu mufanyakazi, wewe unayetoboa mawe au unayesimama karibu na masini ya kusaga, maneno juu ya vizibo vya masikio umeyasikia mupaka umechoka. Leo hatusemi juu yako. Tunasema juu ya shofere na muuguzi wanaokuja kukuchukua siku unapoumia. Ni nani amekwisha kuuliza habari za masikio yao?

Angalia ambilansi inapopita mu Kenya, karibu na soko, mu mwezi wa kumi wakati joto ni kali. Njia imejaa watu, takisi-basi, baiskeli za makala. Shofere amefungua dirisha sababu ya joto. Sirene inalia muda murefu, kwani hakuna anayetoka njiani. Kama imefungwa juu ya paa, inalia pale juu ya kichwa chake.

Nguvu ya makelele inapimwa kwa desibeli. Wataalamu wengi wanasema desibeli 85 ni mupaka wa kazi ya saa 8. Kisha, kila zikiongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu: kwa 88 ni saa 4, kwa 91 ni saa 2, kwa 100 ni dakika 15 tu. Sirene, ukisimama karibu mbele yake, inaweza kupita 110. Ndani ya gari sauti inapungua, ni kweli. Lakini fungua dirisha, kisha uhesabu safari za siku moja.

Wengine wanajibu: "Sisi tumekwisha kuzoea." Jibu hili linatusumbua sana. Sikio halizoei makelele, linaharibika. Ndani yake kuna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti. Vikikufa haviote tena, na hakuna dawa ya kuvirudisha. Vya kwanza kukufa ni vile vya sauti nyembamba. Basi mutu anasikia kwamba unasema, lakini hatofautishi s na f. Anasema vijana wa leo hawafungui kinywa. (Bibi yake anajua zaidi, maana redio ya nyumbani inapandishwa kila mwaka.) Usiku masikio yanalia kama nyenje na usingizi unakimbia. Makelele ya siku nyingi yanaweza pia kupandisha musukumo wa damu.

Sasa fikiri: huyu muuguzi anapaswa kusikiliza kifua cha mugonjwa ndani ya gari linalotikisika. Anapaswa kusikia sauti dhaifu ya mutu anayesema ni wapi anaumia. Sikio ni chombo chake cha kazi, kama vile mikono yako.

Jambo hili si la jana. Mwaka 1985 waganga wa Houston, Marekani, walitangaza uchunguzi wao juu ya wazima-moto wanaofanya kazi ya ambilansi: masikio yao yalikuwa yanapotea haraka kuliko umri wao unavyotaka. Hata mbele ya hapo, mwaka 1977, Shirika la Kazi la Ulimwengu lilikubali mapatano namba 148 juu ya hewa chafu, makelele na mitikisiko kazini. Na sheria yetu ya kazi ya mwaka 2002 inamwagiza mwenye kazi kulinda afya ya wafanyakazi wake. Haikutenga watu wa ambilansi.

Kwa maoni yetu, majina yao yaandikwe mu orodha moja na watu wa masini: wapimwe masikio siku ya kuingia kazini, na kila mwaka baadaye. Sirene ishushwe kutoka paa, iwekwe mbele, chini, na madirisha yafungwe inapolia. Gari bila kifaa cha baridi halifungiki mu joto la Lubumbashi, basi kifaa hicho si anasa. Vizibo vizito si vizuri kwa shofere, maana anapaswa kusikia honi za wengine. Munganga amuchagulie vinavyofaa. Na sirene isilie wakati gari linarudi tupu. Tunajua kwamba vijana wengine wanaipenda.

Wewe wa ambilansi, kama masikio yanalia baada ya kazi, usingoje. Wiki hii uende kwa munganga wa kazi, umwombe akupime, na uombe karatasi ya matokeo uiweke nyumbani.