BuzzerBeater: ekipe ya taifa haimlei kijana, ni klabu inayomlea

Katika BuzzerBeater, mchezo wa basketi wa kwenye intaneti ulioanza mwaka 2007, kila mtu anasimamia klabu yake: ananunua wachezaji, anapanga ekipe, anachagua mazoezi ya kila juma. Juu ya klabu kuna ekipe za taifa, ile ya wakubwa na ile ya vijana wasiozidi miaka 21. Kocha wa kila moja anachaguliwa kwa kura na wasimamizi wa inchi yake. Ekipe ikipigwa, huyo kocha ndiye wa kwanza kulaumiwa.

Mara nyingi lawama hiyo inamwangukia asiyehusika. Kocha wa taifa hamiliki mchezaji hata mmoja wala hamfundishi. Anaokota matunda ya miti ambayo wengine walipanda, au walikataa kupanda.

Tazama namna mchezo wenyewe unavyokwenda. Kijana anaingia klabuni kwa drafti akiwa na miaka 18 au 19. Mazoezi yanatolewa mara moja kwa juma, na kwa mazoezi mengi wanaofaidika ni wale tu waliocheza kwenye nafasi inayofundishwa. Ili kijana apate faida yote, lazima acheze dakika 48 kwenye nafasi hiyo, yaani mechi nzima. Msimu una majuma 14. Aliyeanza na miaka 18 ana misimu minne tu mbele ya mlango wa ekipe ya vijana kufungwa: majuma 56. Juma lililopotea halirudi, kwani umri ukipanda, kasi ya kujifunza inashuka.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Mchezaji mrefu anajifunza upesi kazi za chini ya kikapu. Klabu inayotafuta pesa za haraka itamfundisha hizo tu, halafu itamuuza. Lakini ekipe ya taifa inahitaji mrefu anayejua pia kupitisha mpira na kufunga kutoka mbali. Ili ajue hayo, msimamizi analazimika kumpanga kwenye nafasi ya wafupi, asikozoea, juma kwa juma. Klabu itapoteza mechi, na washabiki watanuna. Hiyo ndiyo bei, na anayeilipa ni klabu, si kocha wa taifa.

Wako wanaosema kwamba klabu ni mali ya mwenyewe na kila mtu ana haki ya kucheza ili ashinde. Ni kweli, hakuna sheria inayomlazimisha mtu kulea kijana kwa ajili ya bendera. Lakini asiyelea asipige kelele siku ekipe ya taifa inapokosa warefu wenye akili ya mpira. Na wakati wa kura, wasimamizi wasimchague anayejisifu kwa mbinu za mechi tu. Wamchague yule atakayewafuata wenye vijana wa miaka 18 mmoja mmoja, awaonyeshe mpango wa misimu minne, na awashukuru hadharani wale waliokubali kupigwa leo ili inchi ishinde kesho.

Huu ni mchezo wa kompyuta, lakini swali lake si geni kwa Wakongomani. Jonathan Kuminga alizaliwa Goma mwaka 2002, akaenda Marekani angali kijana mdogo, na mwaka 2021 Golden State Warriors wakamchukua katika nafasi ya saba ya drafti ya NBA. Miaka kumi mbele yake, mwaka 2011, Bismack Biyombo wa Lubumbashi naye alichukuliwa katika nafasi hiyohiyo ya saba, baada ya kucheza Uhispania. Miili na vipaji Congo inavyo. Lakini dakika zilizowakomaza hao wawili, nyingi walizipata nje.

Ndiyo maana kila mara majina ya ekipe ya taifa yanapotangazwa, mjadala wa nani ameitwa na nani ameachwa unakuja ukiwa umechelewa. Swali la kwanza ni hili: kijana wa miaka 16 wa Goma, Bukavu au Bunia anacheza dakika ngapi kwa juma, katika klabu gani, na nani anakubali kupoteza mechi ili yeye ajifunze? Klabu inayompanga mkongwe wa miaka 35 kila mechi, juu ya kuogopa kupigwa, inashinda Jumamosi yake. Lakini kijana aliyekaa kwenye benchi siku hiyo ndiye ambaye kocha wa taifa atamtafuta kesho asimwone.