Tukinunua Kompresa, Tumekuwa Matajiri



Barabara ya lami itokayo Vurra, ikapita Arua na Koboko hadi Oraba mpakani mwa Sudani Kusini, ina urefu wa kilometa 92. Magari ya mizigo ya Juba na ya Kongo hupita hapo, na bodaboda hazina idadi. Kila tairi lahitaji upepo. Kwa hiyo si ajabu kwamba vikundi vya akiba vya wanachama wetu, wa kiwandani na wa mashambani, vinatamani kununua kompresa ndogo iliyokwisha kutumika. Mshahara hautoshi, na karo ya watoto haingoji.

Sisi katika chama tunaliunga mkono jambo hilo. Mfanyakazi akimiliki chombo cha kazi ni jambo jema. Lakini tunasema wazi: siku kikundi kinaponunua kompresa na kumweka kijana wa kuiendesha kwa malipo, siku hiyo kikundi kimekuwa tajiri. Yale yote tunayomdai mwajiri, sasa tunadaiwa sisi.

Sheria haiulizi kama tajiri ni kampuni kubwa au watu kumi waliochanga shilingi zao. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri awalinde watu wake wasidhurike kazini. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inasema mfanyakazi akiumia kwa ajali katika kazi yake, mwajiri hulipa fidia. Akifa, na ana watu wanaomtegemea, fidia ni mshahara wa miezi 60. Hebu kila kikundi kipige hesabu hiyo kabla ya kuuliza bei ya kompresa.

Tunataja kifo kwa sababu hewa iliyoshindiliwa si kitu cha mchezo. Chukueni tangi ambalo kifuniko chake cha pembeni kina upana wa sentimeta 40. Hewa ikifika paundi 120, kifuniko hicho husukumwa kwa nguvu inayopita uzito wa tani 10. Chuma kizuri hustahimili. Chuma kilicholiwa na kutu hakistahimili, na hakitoi taarifa. Kikipasuka, vipande huruka, na anayesimama karibu ni yule kijana wetu.

Kutu hiyo hutoka ndani, mahali jicho halifiki. Hewa tunayoivuta ina unyevu. Ikishindiliwa na kisha kupoa, unyevu hugeuka maji na kukaa chini ya tangi. Ndiyo maana chini pana koki ndogo ya kutolea maji. Mwenye mashine aliyeifungua koki hiyo kila jioni tangi lake hudumu. Aliyeisahau anauza tangi bovu lililopakwa rangi mpya.

Basi anayekwenda kununua asidanganyike na rangi. Kwanza atafute kibati cha kiwandani kinachoonyesha presha ya mwisho ambayo tangi limeruhusiwa. Kama kibati kimeng'olewa, aiache mashine hiyo. Pili, afungue koki ya chini aone maji yanayotoka. Yakiwa mekundu kama chai ya rangi, ajue kutu imeanza kula. Tatu, akague kama tangi limewahi kuchomelewa kiraka. Tangi la hewa haliwekewi kiraka, hutupwa. Nne, tangi lijaribiwe kwa maji, si kwa hewa. Fundi anayeijua kazi hiyo hulijaza maji pomoni, kisha husukuma kwa pampu ya mkono hadi presha ifike mara moja na nusu ya ile ya kazi, akaangalia kama linatoa jasho. Maji hayashindiliki kama hewa. Tangi likishindwa litavuja tu, halitaruka.

Baada ya kununua huja hamu ya kuiboresha, na hapa ndipo wengi hukosea mpango. Wao huanza na nguvu. Hutafuta mota kubwa, au hufunga puli kubwa zaidi kwenye mota ili tangi lijae upesi. Puli ya sentimeta 10 ikibadilishwa kwa ya sentimeta 15, pampu itakwenda kasi mara moja na nusu. Tangi litajaa haraka, ni kweli. Lakini pampu itachemka, mafuta yataungua, vali zitashika masizi, na akiba yetu itakwisha kwa kununua vipuri. Wengine hufanya baya zaidi: vali ya usalama ikianza kupiga mluzi, huifunga kwa waya au huiziba. Huko ni kumziba mdomo mlinzi ili mwizi apite.

Sisi tunasema uboreshaji uanze na usalama. Vali mpya ya usalama iwe ya kwanza, iliyowekwa kufunguka kabla presha haijapita ile ya kibati. Geji inayosoma kweli iwe ya pili. Ya tatu ni kizuizi cha wavu juu ya mkanda na puli, maana mkanda hauchagui kidole. Ya nne ni mafuta halisi ya kompresa, si mafuta machafu yaliyotolewa kwenye injini ya gari. Hayo yakiisha, ndipo tuzungumze juu ya mota.

Na mota yenyewe ni jambo la maana kwetu. Umeme wa maji wa Nyagak, wa megawati 3.5, ulianza mwaka 2012, na mwaka 2024 West Nile ikaunganishwa na umeme wa taifa. Mahali umeme ulipofika, kikundi chaweza kuacha injini ya petroli na kufunga mota pamoja na swichi inayozima yenyewe tangi likijaa. Moshi hupungua, kelele hupungua. Ila nyaya ziwe nene za kutosha, na waya wa ardhi usikosekane.

Tuonye pia juu ya hewa ya kupumua. Zanzibar na pwani ya Kenya zipo kompresa ndogo za kujaza mitungi ya wapiga mbizi. Zile ni mashine nyingine kabisa. Hushindilia hewa hadi karibu paundi 3,000, tena zina vichujio vya kuondoa maji na mafuta, vinavyobadilishwa kwa hesabu ya saa za kazi. Kompresa ya matairi haina vichujio hivyo. Ikivuta moshi wa injini yake, hupeleka gesi yenye sumu isiyo na harufu. Kwa hiyo mtu asishushwe kisimani wala katika shimo la dhahabu akitegemea mpira wa kompresa ya matairi apumue. Biashara hiyo ikija na pesa, ikataliwe.

Tunajua maneno yatakayosemwa. "Vali mpya ni gharama. Tuanze kazi kwanza, faida ikiingia tutatengeneza." Ndugu, maneno hayo tumeyasikia wapi? Ndiyo tunayoambiwa tunapodai glavu, buti na vizuizi vya mashine. Kila mara usalama unangoja faida, na faida ikifika inakwenda kwingine. Tukiyasema kwa kijana wetu, kesho tutasimama vipi mbele ya meneja? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na safari hii ukuta ni mkono wa mtu au uhai wake.

Kwa hiyo tunaomba kila kikundi kiandike katika daftari lake mambo haya: mtu mmoja ataulizwa habari za tangi, maji yatatolewa kila jioni na kuwekewa alama, tangi litajaribiwa kwa maji kwa tarehe inayojulikana, anayejaza tairi la lori atumie mpira mrefu na asimame kando, si mbele ya rimu, na sehemu ya mapato iwekwe kwa vipuri kabla ya kugawana faida. Kijana apewe miwani ya kazi na apewe haki ya kuizima mashine anapoiona si salama, bila kukatwa malipo.

Kisha daftari hilo tulipeleke kazini. Kiwanda chenye kompresa kubwa kina tangi lenye kutu ileile. Tumwulize mwajiri lini lilijaribiwa mara ya mwisho, na atuonyeshe karatasi. Tutauliza kwa sauti kubwa zaidi ikiwa karatasi ya tangi letu tunayo mfukoni.