Aendaye Italia Asiikose Palermo

Waitaliano wameizoea Malindi yetu tangu zamani. Wako waliojenga huko, na vijana wetu wa ufuoni wamejifunza lugha yao hata wakaijua barabara. Lakini mwulize Mwislamu wa pwani aliyejaaliwa kufika Italia alikwenda kuona nini, atakutajia Roma na Venice, basi. Mimi naona kwamba aliyefika Italia asifike Palermo, katika kisiwa cha Sicily, amerudi na nusu ya safari.

Mji huo ulitwaliwa na Waislamu kutoka nchi ambayo leo ni Tunisia mnamo mwaka 831, ukawa mikononi mwao hadi 1072, walipoingia Wakristo wa Kinormani. Msafiri Ibn Hawqal, aliyefika huko mwaka 973, aliandika kwamba misikiti yake ilizidi 300. Leo misikiti hiyo imetoweka, lakini mgeni mwenye kutazama vizuri hatakosa dalili.

Na aanzie kwenye kanisa kuu. Penye ukumbi wa mlango wa kusini ipo nguzo iliyochorwa aya ya Kurani, kutoka Sura ya Al-A'raf. Kisha aende kwenye kasri la wafalme, ambalo siku hizi ni bunge la Sicily. Ndani yake mna kanisa dogo, Cappella Palatina, lililowekwa wakfu mwaka 1140. Hapo ainue macho aione dari ya mbao, iliyochongwa mfano wa masega ya nyuki na kuandikwa kwa herufi za Kiarabu. Alasiri akapumzike Zisa, jumba lililoanzwa karibu na mwaka 1165, ambalo asili ya jina lake ni Al-Aziza. Maji yalipitishwa katikati ya ukumbi wake ili kupooza hewa, na sasa limekuwa makumbusho ya kazi za Kiislamu. Hata barabara kuu ya kale, Cassaro, jina lake latokana na neno lile lile tuliloliita sisi kasri.

Tena Palermo ilitujua sisi zamani. Humo ndimo Al-Idrisi alimomaliza kitabu chake cha jiografia mwaka 1154, kwa amri ya Mfalme Roger wa Pili, na ndani yake akazitaja Malindi na Mombasa. Hiyo ni zaidi ya miaka 300 kabla ya Vasco da Gama kuiona pwani hii.

Huenda msomaji akasema, basi na tujivune. La, ndugu yangu, pana jambo la kuzingatia kwanza. Dari ile na jumba lile havikujengwa zama za utawala wa Kiislamu. Vilijengwa na wafalme wa Kikristo waliopenda ufundi wa Waislamu, wakawaweka mafundi na makatibu wa Kiarabu. Ibn Jubayr alipofika mwishoni mwa 1184 alimsifu Mfalme William wa Pili kwamba alijua kusoma na kuandika Kiarabu. Lakini msafiri huyo huyo aliandika kwamba Waislamu wa Palermo walikatazwa khutba ya Ijumaa, na kwamba wahudumu wa mfalme waliificha dini yao.

Mfalme huyo alipofariki mwaka 1189, Waislamu walishambuliwa mjini, wengi wakakimbilia milimani. Baadaye Frederick wa Pili aliwahamisha waliobaki Sicily akawapeleka Lucera, bara ya Italia. Mwaka 1300 Lucera nayo ikavunjwa, na watu wake wakauzwa utumwani. Nakshi zilibaki ukutani, wenyewe wakaondoka.

Mwaka 2015 UNESCO iliyaingiza majengo hayo katika orodha ya urithi wa dunia, nao wenye kuwatembeza wageni husifu jinsi tamaduni zilivyochanganyika. Sifa hiyo ni ya haki, lakini ni nusu ya habari. Mgeni na aulize pia: waliochonga haya walikwenda wapi?

Swali hilo latuhusu sisi wa pwani kuliko watu wengine. Nasi twapokea wageni wanaopiga picha milango ya Lamu na vibaraza vya Mji wa Kale wa Mombasa, nasi hufurahi tunaposifiwa. Palermo yatufundisha kwamba mtu aweza kuipenda kazi ya mkono wako asijali wewe utaishi wapi kesho. Mlango wa nakshi ni urithi pale ambapo nyuma yake mna jamaa wanaoishi, watoto wanaokwenda chuoni na mzee anayetoka kwenda kuswali. Wakiondoka hao, kitakachobaki ni mbao nzuri tu.

Kwa hiyo mwenye uwezo na aende Palermo. Akirudi, asitusimulie uzuri wa dari peke yake.