AFYA YETU: Mapafu Yakiugua, Miguu Isilale

Ndugu msomaji, labda nyumbani kwako yuko mzee wa namna hii. Ameugua mapafu kwa miaka mingi. Akitembea kidogo anahema. Sasa ameacha kwenda shambani. Anakaa barazani kutwa nzima. Watoto wanamwambia, "Baba, pumzika, usijichoshe." Wanasema hivyo kwa upendo. Lakini kukaa tu kunazidi kumdhoofisha.

Ugonjwa huu unatokana na nini? Wengi huupata kwa kuvuta sigara. Wengine wamevuta moshi wa kuni jikoni, au vumbi la machimboni. Wengine waliugua kifua kikuu. Walitibiwa wakapona, lakini mapafu yalibaki na makovu.

Mapafu na moyo hufanya kazi pamoja. Moyo hupeleka damu kwenye mapafu ili ichukue hewa safi. Mapafu yakiharibika, mishipa yake ya damu husinyaa. Moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Mwishowe moyo huweza kuchoka, na miguu huvimba.

Je, mazoezi yanasaidia? Ndiyo. Mazoezi hayaondoi makovu ya mapafu. Lakini misuli ya miguu ikipata nguvu, hutumia hewa vizuri zaidi. Kazi ile ile huhitaji pumzi chache, na moyo haupigi mbio kama mwanzo. Huko Mulago, Uganda, watu waliobaki na mapafu mabovu baada ya kifua kikuu walifanya mazoezi kwa wiki 6. Matokeo yalitolewa mwaka 2017. Waliweza kutembea mbali zaidi kuliko mwanzo.

Fanya hivi:

1. Kwanza mwone mganga. Akupime moyo na mapafu.

2. Tembea mahali tambarare. Anza na dakika 5. Ongeza kidogo kidogo mpaka ufike dakika 20 au 30. Fanya hivyo angalau siku 3 kwa wiki.

3. Tembea na mwenzako, mzungumze. Kuhema kidogo si hatari. Lakini kama huwezi kusema hata maneno machache, punguza mwendo.

4. Pumzi ikikubana, kaa, inama mbele kidogo, weka mikono juu ya magoti. Vuta hewa kwa pua. Itoe polepole kwa mdomo, kama mtu anayepiga mluzi.

5. Kila siku kaa kitini, usimame, ukae tena. Rudia mara kadhaa. Miguu itapata nguvu.

Ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, acha mara moja. Miguu ikivimba, midomo ikigeuka rangi ya buluu, au ukikohoa damu, nenda hospitali upesi.

Usiache dawa ulizopewa. Acha sigara. Na ukiacha mazoezi, nguvu uliyopata itapotea.

Ndugu msomaji, jioni ya leo usimwambie baba akae. Mpe fimbo yake, mtembee pamoja mpaka kwa jirani. Kesho mtafika mbele kidogo.