Ndege ni Zetu, Mikono ni ya Nani?



Juma lililopita, kule enterna, mabishano yalianza nyuma ya chakula cha jioni, yakaendelea mpaka msimamizi alipokuja kuzima taa. Maneno yalikuwa juu ya ndege za vita. Mmoja alisema: «Tungekuwa na mandege makumi mbili tu, hakuna mutu angekuja kutusumbua!» Wengine wakapiga makofi. Mwingine alichora ndege ya Mirage katika daftari yake ya hesabu, tena aliichora vizuri kuliko zile hesabu zenyewe. Sisi wa darasa la sita tulisikiliza, tukaenda kulala, lakini maneno yale hayakututoka. Ndiyo sababu tunaandika leo. Tunaona wenzetu wanahesabu vibaya. Wao wanahesabu ndege. Sisi tunasema: tuhesabu kwanza mikono.

Tuanze na hiyo Mirage iliyochorwa. Inchi yetu ilikuwa nazo kweli. Miaka ya 1970, wakati inchi iliitwa Zaire na shaba ilikuwa na bei nzuri, serikali iliagiza Mirage 5 kumi na saba kutoka Ufaransa. Hazikufika zote. Zile zilizofika ziliwekwa Kamina, na mapiloti wetu walifundishwa Ufaransa. Mwaka 1983 Mirage tatu zilitumwa mpaka Chad kusaidia serikali ya Hissène Habré. Siku zile mtu aliweza kujisifu sana.

Lakini bei ya shaba ilianguka tangu mwaka 1974, na ndege si kama jembe, unanunua mara moja na kulima miaka kumi. Ndege ya vita ikipaa saa moja, mafundi chini wana kazi ya saa nyingi: kufungua, kupima, kusafisha, kubadilisha. Tairi ina siku zake. Motere ina saa zake, zikifika lazima ishuke, hata kama inanguruma vizuri. Piloti naye asiyerushwa kila mwezi anasahau, kama sisi tunavyosahau Kifaransa nyuma ya likizo kubwa. Kila piesi ilitoka Ulaya, ikalipwa kwa feza ya kigeni. Feza ilipokosekana, ndege moja ililala, kiisha nyingine. Vita vilipofika huku kwetu mwaka 1996, Mirage hazikuonekana angani. Hakuna adui aliyeziangusha. Zilikufa kwa kukosa kutunzwa.

Mtu atasema: basi zilikuwa chache. Sivyo! Mwaka 1961, Katanga iliyojitenga ilikuwa na ndege moja tu ya Fouga Magister iliyoweza kupaa vizuri. Moja! Mwezi wa Septemba ile moja ilisumbua jeshi lote la Umoja wa Mataifa: ilipiga askari wake na ndege zake za kubeba mizigo, mpaka Umoja wa Mataifa ukaomba ndege za vita kwa Sweden, Ethiopia na India. Ndege moja inayopaa ni kubwa kuliko kumi zinazolala chini ya jua.

Lakini tazameni vizuri: nani aliirusha ile Fouga? Hakuwa mwana wa inchi. Alikuwa askari wa kukodi. Na hapa ndipo tunapofika kwenye neno letu kubwa.

Inchi yenye ndege bila mafundi na mapiloti wake itakodi mikono ya wengine. Kwetu ilikuwa hivyo mara nyingi. Wakati wa vita vya Simba, mwaka 1964 na 1965, ndege T-28 za serikali zilitoka Marekani, na walioziendesha walikuwa Wakuba waliokimbia inchi yao. Mwaka 1965, kule milimani kwa Fizi, katika jimbo letu hili, Che Guevara alikuwa chini pamoja na Wakuba wengine upande wa Simba. Basi Mkuba alikuwa juu, Mkuba alikuwa chini, na katikati alikuwa mlimaji wa Fizi na mihogo yake. Je, nani kati ya wale alijua jina la kijiji?

Kiisha ikafika zamu ya Bukavu. Mwisho wa mwaka 1996 na mwanzo wa 1997, serikali ya Mobutu ilikuwa imekodi mamluki kutoka Ulaya, Waserbia wengi kati yao, wakakaa Kisangani na ndege zao na helikopta za Mi-24. Bukavu ilikuwa tayari mikononi mwa AFDL. Tarehe 17 Februari 1997, ndege za serikali zilikuja juu ya mji wetu, zikaangusha mabomu. Raia walikufa. Sisi hatukuwa tumezaliwa. Lakini waulizeni wazazi nyumbani, wa Kadutu ao wa Ibanda, watawaambia walivyokimbia na watoto mgongoni. Mama mmoja jirani yetu, mpaka leo, akisikia ndege inapita chini chini anaacha sufuria na kutazama juu.

Wandugu, ile ilikuwa jeshi la anga la taifa letu. Ndege zile zililipwa kwa shaba yetu na kahawa yetu. Basi yule anayesema «tungekuwa na mandege» ajibu kwanza: zikiruka, zitakuja kwa nani?

Hatusemi kwamba inchi isiwe na ndege. Inchi kubwa hivi, yenye barabara tunazozijua wote, inazihitaji, hata kwa kubeba dawa na wagonjwa. Na tangu zamani zile serikali imenunua zingine. Kuanzia mwaka 1999 zilikuja Sukhoi Su-25 kutoka Georgia. Mnamo 24 Januari 2023 moja ilipigwa na Rwanda karibu na Goma. Rwanda ilisema imeingia anga lake, Kongo ikakataa. Piloti aliishusha Goma ikiwaka moto, na watu wa uwanja wakauzima. Tunamsifu piloti yule, na tunawasifu wale wa chini ambao hakuna mtu anawachora katika daftari. Lakini mwaka 2025 viwanja vya Goma na Kavumu vilitwaliwa na M23, kimoja mwezi wa kwanza, kingine mwezi wa pili. Ndege bila uwanja nayo ni nini?

Sasa turudi hapa masomoni. Nyuma ya jiko kuna gurupu yetu ya umeme. Wote tunaijua. Ilikufa juu ya piesi ndogo kuliko kidole, na mtu wa kuitengeneza aliitwa kutoka mbali, akakawia majuma matatu. Majuma matatu tulisoma kwa mishumaa! Sisi wanafunzi zaidi ya mia mbili, wenye kujua majina ya ndege zote za ulimwengu, hakuna hata mmoja aliyeweza kufungua bulo na kusema ugonjwa ni huu. Hiyo ndiyo Mirage yetu.

Tunaomba mambo mawili. Kwa walimu: mtupe siku moja kwa mwezi ya kushika mashini, hata ile gurupu, hata redio iliyokufa, ili fizika isibaki ubaoni. Kwa wenzetu: tuache kucheka wale wanaotaka kwenda seksio ya ufundi. Tunawaita «watu wa mafuta». Kesho watu wa mafuta ndio watakaosema kama inchi inapaa ao inalala. Na mtu aliyezaliwa Bagira, akipewa ndege na kuambiwa aende apige Bukavu, angalau atajua kwamba pale chini kuna mama yake.

Anayepinga aandike katika toleo linalokuja. Tutamjibu kwa heshima.

Sisi wa darasa la sita